Meno ya mzee hulegea kwa ugonjwa, si kwa umri

Katika vijiji vya pwani ya kusini, kuanzia Diani na Msambweni mpaka Shimoni, na kuvuka maji hadi Mkwiro katika kisiwa cha Wasini, kuna jambo moja ambalo watu wamelizoea hata hawaliulizi tena. Mtu akifika miaka 50, jino likaanza kucheza, husema ni uzee. Likifuata la pili, husema vivyo hivyo. Akifika miaka 70 akiwa kibogoyo hakuna anayeshangaa, kwa kuwa mvi, mkongojo na pengo huhesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja.

Somo letu la leo linahusu jambo hilo. Tutatazama mfupa unaoshika meno: ulivyojengwa, unavyojitengeneza, na umri unaufanya nini. Tukimaliza, natumaini msomaji ataona kwamba umri hupunguza kasi ya ukarabati wa mfupa huo, lakini si umri unaong'oa meno. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Anayeamini kwamba jino lake limelegezwa na uzee hukaa nyumbani akingojea lidondoke. Anayejua kwamba limelegezwa na ugonjwa hutafuta tiba, na mara nyingi tiba ipo.

JINO HALIKUPIGILIWA KAMA MSUMARI

Watu wengi hudhani kwamba jino limepandwa katika taya kama kigingi kilichogongwa ardhini. Sivyo. Mzizi wa jino umekaa ndani ya shimo la mfupa, lakini haugusani na mfupa huo. Kati yake na mfupa kuna nafasi nyembamba sana, yapata robo ya milimita, na nafasi hiyo imejaa maelfu ya nyuzi ndogo ndogo. Nyuzi hizo zimeushika mzizi upande mmoja na mfupa upande wa pili, mfano wa chombo kilichofungwa kamba pande zote kisipigwe na mawimbi. Unapouma kitu kigumu, nyuzi huvutika kidogo na kupunguza kishindo. Zina mishipa ya fahamu pia, na ndiyo sababu hata chembe moja ya mchanga katika wali huitambua mara moja.

Juu ya mfupa huo umetandazwa ufizi. Katika mtu mwenye afya, ukingo wa mfupa huwa milimita 1 hadi 2 tu chini ya mahali inapoishia sehemu nyeupe ya jino. Ukingo ukishuka zaidi ya hapo, sehemu ya mzizi hubaki bila kushikwa. Ukiendelea kushuka, jino hucheza. Kwa hiyo swali letu ni hili: ni nini kinachoushusha mfupa?

MFUPA HUBOMOLEWA NA KUJENGWA

Mfupa ulio hai si kama jiwe. Ni kama mashua inayotunzwa. Mafundi wa pwani wanajua kwamba chombo hakidumu kwa kuwa mbao zake haziozi. Hudumu kwa sababu kila baada ya muda hupandishwa pwani, ubao mbovu hutolewa, mpya huwekwa, na kalafati hutiwa upya. Mashua ya miaka 30 inaweza kuwa imebadilishwa mbao nyingi, na bado ni mashua ile ile.

Ndivyo mfupa ulivyo. Kuna seli ambazo kazi yake ni kubomoa sehemu iliyochakaa, na kuna nyingine ambazo kazi yake ni kujenga mahali palipobomolewa. Wabomoaji huchukua majuma machache kumaliza sehemu yao. Wajenzi huhitaji miezi mitatu au zaidi kuijaza. Kwa mtu mzima, yapata sehemu moja katika kumi ya mifupa yote ya mwili hufanywa upya kila mwaka. Mfupa unaozunguka meno ni miongoni mwa ile inayofanywa upya kwa kasi zaidi, kwa sababu kila tunapotafuna, nyuzi zile huuvuta na kuusukuma, nao hujipanga kufuatana na mzigo uliowekewa.

Ukarabati huu ndio unaowezesha meno ya mtoto kunyooshwa kwa waya. Jino husukumwa polepole; mfupa wa upande linakokwenda hubomolewa, na ule wa upande linakotoka hujengwa. Hata kwa mtu wa miaka 60 jambo hili linawezekana, ingawa huchukua muda mrefu zaidi. Hii ni dalili ya kutosha kwamba mfupa wa mzee haujafa.

UMRI UNAFANYA NINI HASA

Yafaa tuseme kweli: umri una athari zake. Baada ya miaka 40 hivi, wajenzi huanza kuachwa nyuma na wabomoaji. Shimo likichimbwa, halijazwi mpaka juu kama zamani. Kila mwaka hubaki upungufu mdogo, na mifupa ya mwili mzima huwa myepesi kidogo kidogo. Kwa akina mama, hali hii huongezeka kasi miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni, ambayo huwazuia wabomoaji wasizidishe kazi, hupungua sana.

Katika taya, nyuzi zinazoshika jino hupungua na seli zake huwa chache. Mishipa midogo ya damu hupungua vile vile. Kidonda cha ufizi ambacho kwa kijana hupona haraka, kwa mzee huchelewa. Askari wa mwili wanaopigana na vijidudu nao hubadilika tabia: huchelewa kufika, na wakishafika huchelewa kuondoka, hivyo uvimbe hudumu.

Lakini msomaji asisahau upande wa pili. Mzizi wa jino umefunikwa na tabaka jembamba ambalo wataalamu huliita saruji ya jino. Tabaka hilo huongezeka maisha yote, na katika uzee hufikia unene wa karibu mara tatu ya ule wa utotoni. Maana yake ni kwamba mwili haukukusudia kuliacha jino. Unaendelea kuliongezea mshiko mpaka mwisho.

Kwa hiyo umri peke yake huleta nini? Ufizi hushuka kidogo, mfupa hupungua kidogo, na kupona huchukua muda. Haya hayatoshi kulitoa jino mahali pake.

USHAHIDI KUTOKA MACHAKOS

Pengine utauliza, daktari, haya umeyapata wapi? Ushahidi mmoja mkubwa unatoka hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1980, watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwapima watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika wilaya ya Machakos, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Wengi wa watu hao walikuwa wakulima wa vijijini ambao hawakuwa na daktari wa meno. Ukoga ulikuwa mwingi katika meno yao. Kwa nadharia ya siku zile, wazee wao walipaswa kuwa vibogoyo.

Haikuwa hivyo. Waliopoteza meno yote walikuwa wachache mno. Mifuko ya ugonjwa kati ya ufizi na jino, yenye kina cha milimita 4 au zaidi, ilionekana katika chini ya asilimia 20 ya sehemu zilizopimwa, na hili lilikuwa kweli kwa umri wowote. Zaidi ya yote, maradhi makali hayakugawanyika sawasawa. Katika kila rika kulikuwa na kundi dogo la watu waliobeba sehemu kubwa ya uharibifu, huku wenzao wa umri ule ule wakiwa na mfupa wa kutosha. Na meno mengi yaliyokuwa yametoka yalitoka kwa kuoza.

Nchini Sri Lanka, Harald Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai kwa miaka 15, kuanzia 1970. Watu hao hawakupiga mswaki wala kutibiwa meno. Asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuwa na ugonjwa huo wa kuendelea hata kidogo. Wote walizeeka kwa mwendo mmoja. Kama umri ndio mwizi, mbona aliiba nyumba hii akaipita ile?

MWIZI MWENYEWE

Mwizi huanza na ukoga, ule utando laini unaotanda juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, vijidudu huzaana ndani yake, na baada ya muda utando huganda ukawa mgumu kama chokaa. Ufizi huvimba na kutoa damu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa nchini mwaka 2015 uliwakuta watu wazima takribani 98 kati ya kila 100 wakiwa na ufizi unaotoa damu. Kwa wengi hali huishia hapo. Kwa wengine uvimbe hushuka chini, na mwili, katika kupigana na vijidudu, huwaamsha wabomoaji wa mfupa kupita kiasi. Mfupa hurudi nyuma kana kwamba unaukimbia moto. Mara nyingi hakuna maumivu, na hilo ndilo linalowahadaa watu.

Kinachomfanya mmoja aumie kuliko mwingine ni mambo kadha: urithi, tumbaku ya kuvuta, ugoro na kisukari. Mtu mwenye kisukari kisichotulizwa yumo katika hatari ya kupoteza mfupa wa meno mara mbili au tatu kuliko asiye nacho. Sukari nyingi katika damu hurefusha uvimbe na kuwazuia wajenzi wasifanye kazi. Nao uvimbe wa ufizi, kwa upande wake, huifanya sukari iwe ngumu kutulizwa.

Nikupe mfano. Alinijia mvuvi mmoja wa Mkwiro mwenye umri wa miaka 54. Alivuka kwa mashua kuja kutibiwa kidonda cha mguu kisichopona. Nilipomtazama kinywani, ufizi ulikuwa mwekundu na umevimba, na meno manne ya mbele ya chini yalikuwa yakicheza.

"Na meno haya, mzee wangu, tangu lini?" nikamuuliza.

"Hayo ni uzee tu, daktari. Hata baba yalimtoka hivi hivi, akawa anakula uji na mkate wa kuchovya."

Nikamuuliza kama marehemu baba yake alikuwa akienda haja ndogo mara nyingi usiku, na kama alikonda kabla ya kufa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, yote mawili. Marehemu hapimwi kwa maneno, lakini mwanawe nilimpima. Sukari yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa, naye hakuwa na habari. Alianzishiwa dawa ya kisukari, akapelekwa kusafishwa meno mpaka chini ya ufizi. Meno mawili yaliyokuwa yamekwisha kuachwa na mfupa yalitolewa. Mengine, baada ya miezi sita ya sukari kutulia na ukoga kuondolewa, yalikaza. Kidonda cha mguu nacho kikafunga. Sasa anakula samaki wa kuchoma, na pweza pia, almuradi apondwe vizuri.

Kama tungeliacha neno "uzee" lipite, asingepoteza meno tu. Pengine angepoteza mguu.

UKING'OA JINO, MFUPA HUONDOKA

Wako wanaosema, "Heri yatolewe yote nipumzike." Tahadhari. Mfupa unaozunguka jino upo kwa ajili ya jino. Likiondoka, nyuzi hazipo tena wa kuuvuta, na wabomoaji hubaki peke yao. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'olewa jino, ukingo wa taya mahali pale hupoteza takriban nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa kibogoyo, taya huendelea kupungua mwaka baada ya mwaka, la chini zaidi kuliko la juu. Ndiyo maana midomo ya wazee wengine huingia ndani, na kidevu kikakaribia pua.

Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya bandia ni msaada mkubwa, lakini yanahitaji ukingo wa taya wa kukalia. Kadiri ukingo unavyokwisha, ndivyo yanavyoteleza na kuumiza. Basi jino linaloweza kuokolewa liokolewe. Lile lenye usaha, au lililokwisha achwa na mfupa kabisa, litolewe na mwenye ujuzi.

DALILI ZA KUANGALIA

Usingoje maumivu. Nenda ukapimwe ukiona mojawapo ya haya:

1. Damu unapopiga mswaki au kuuma tunda.
2. Ufizi mwekundu, uliovimba au unaotoa usaha.
3. Harufu mbaya ya kinywa isiyokwisha.
4. Meno kuonekana marefu kuliko zamani, au kuachana nafasi mpya.
5. Jino kucheza, hata kama haliumi.

Mwenye dalili mbili au zaidi, hasa aliyepita miaka 40, aombe pia apimwe sukari. Kipimo ni tone moja la damu kutoka kidoleni. Kwa mtu wa Mkwiro, aanzie zahanati. Akihitaji kusafishwa meno, itambidi avuke mpaka Shimoni na kuendelea na safari hadi kliniki ya meno, mathalani katika hospitali ya rufaa ya Msambweni. Najua safari hiyo ina nauli na ina kutwa nzima ndani yake. Ndiyo sababu inafaa ifanywe mapema, wakati kusafishwa kunatosha, kuliko kungoja kufuata jino moja leo na jingine mwezi ujao.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Kwanza, ukoga uondolewe mara mbili kwa siku, na usiku kabla ya kulala usikose. Mswaki wa dukani ni mzuri, na dawa ya meno yenye floridi huzuia kuoza. Mswaki wa mti, ambao wazee wetu wameutumia tangu zamani, nao ni mzuri ukitumiwa ipasavyo. Tafuna ncha mpaka ilainike kama brashi, sugua polepole mahali jino linapokutana na ufizi, usisahau upande wa ndani na magego ya nyuma. Ncha ikichakaa, ikate utafune mpya. Usisugue kwa mchanga wala kwa nguvu nyingi, kwani utamaliza jino na ufizi pamoja.

Pili, ukoga ulioganda hautoki kwa mswaki, wala kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi hutuliza ufizi tu. Ulioganda hutolewa na mtaalamu kwa chombo chake.

Tatu, acha tumbaku ya aina zote. Anayetafuna tambuu ajue kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya kinywa. Na anayetafuna muguka kwa kuusindikiza na soda au peremende, ameyaogesha meno yake katika sukari saa nzima.

Nne, ulishe mfupa. Dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana madini ya chokaa kwa wingi, na maziwa vile vile. Jua la asubuhi au alasiri husaidia mwili kutengeneza vitamini D. Akina bibi wanaokaa ndani kutwa wapate nafasi ya kuota jua uani. Kutembea na kufanya kazi nyepesi huimarisha mifupa yote, na kutafuna chakula chenye ugumu wa kadiri huipa taya mazoezi yake.

Tano, mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa, kama vile alendroneti, amweleze daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Mara chache dawa hizo huchelewesha kupona kwa mfupa wa taya.

Mfupa uliokwisha liwa haurudi wote. Lakini ukoga ukiondolewa na sukari ikitulia, wabomoaji hupunguza kazi, na mfupa uliobaki unaweza kulishika jino kwa miaka mingi. Mwenye miaka 60 hajachelewa. Kwa hiyo, msomaji, ukimsikia baba au bibi nyumbani akisema jino lake linacheza kwa sababu ya uzee, usiitikie tu. Mwombe afunue kinywa utazame ufizi wake, kisha umpeleke akapimwe.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumzia macho ya wazee na ugonjwa wa mtoto wa jicho.